Zimeni jenereta, ng'ombe anapimwa moyo

Mfugaji ndiye wa kwanza kujua. Jioni ng'ombe wanateremka kwenda ziwani kunywa maji, mmoja anagoma juu ya mteremko. Mguu mzima, kwato nzima. Amesimama viwiko vimetanuka nje, mgongo ameupinda, na akisukumwa anaguna. Kwenye tambarare anatembea, mlima anapanda. Kushuka ndiko hataki. Mtoto wa kuchunga atamchapa fimbo. Mzee aliyezeekea zizini atamwangalia shingoni, atauona mshipa umevimba kama mpira wa maji, kisha atasema taratibu kwamba huyu amemeza chuma.

Chato, wilaya ya Tanzania iliyomegwa kutoka Biharamulo na baadaye kuingizwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, ni nchi ya ng'ombe, samaki na dhahabu. Palipo na maduara ya wachimbaji wadogo, makarasha ya kusaga mawe na gereji za pikipiki, hapakosi vipande vya waya, misumari, na nyuzi za chuma zinazobaki tairi likichomwa. Ng'ombe hachambui anachokula. Mbuzi huchagua kwa midomo. Ng'ombe huzungushia ulimi, akavuta, akameza, kucheua baadaye. Waya ukishaingia haurudi mdomoni. Uzito wake huuzamisha kwenye tumbo la pili, lile lenye kuta kama sega la nyuki, na mbele ya tumbo hilo kuna kiwambo tu, kisha moyo. Ni sentimita chache. Tumbo likijikunja, waya unasukumwa mbele. Ukitoboa mfuko wa moyo, usaha unajaa. Na mnyama anaposhuka mteremko, uzito wote wa matumbo unaegemea penye kidonda.

Bwana mifugo akifika na pikipiki yake, salamu huwa fupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Huyu hapa. Siku ya tatu leo hataki kwenda ziwani."

Chombo chake cha kwanza ni stetoskopu, na mara nyingi ndicho cha mwisho. Ugonjwa ukiwa mpya husikika mkwaruzo kila moyo unapopiga. Ukikomaa, maji yanachezacheza kama mtungi unaotikiswa. Baada ya hapo moyo husikika kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Sasa tuseme anatoa kwenye begi kifaa cha ECG, kile kinachochora umeme wa moyo. Atapata nini zaidi ya alichokwisha kusikia?

Vifaa vyenyewe siku hizi si kikwazo kama zamani. Vipo vidogo vya kubandika nyuma ya simu ya mkononi, na madaktari wa wanyama katika nchi mbalimbali wamekuwa wakivitumia tangu miaka ya 2010. Kazi ngumu ni kupata mchoro unaoaminika. Mchoro mbaya una madhara makubwa kuliko kukosa mchoro, maana watu huamini karatasi kuliko sikio.

Nyota wa kwanza wa kipimo hiki alikuwa mbwa. Augustus Waller, mtaalamu wa London, ndiye aliyeonyesha mwaka 1887 kwamba umeme wa moyo wa binadamu unaweza kunaswa nje ya mwili, bila kupasua kifua. Alikuwa na bulldog aitwaye Jimmie, na alizoea kumsimamisha mbele ya watu, miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, waya zikitoka humo kwenda kwenye mashine. Mwaka 1909 alimwonyesha kwa wageni wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza. Habari zikafika bungeni, na mbunge mmoja akauliza kama huo si ukatili kwa mnyama. Waziri wa Mambo ya Ndani, Gladstone, alijibu kwa mzaha: maji yale yalitiwa chumvi ya kawaida tu, na mheshimiwa kama amewahi kutembea peku pembeni mwa bahari basi anajua mbwa alijisikiaje.

Kisa hicho huchekesha, lakini kina somo zima la kazi hii. Jimmie hakufungwa kamba wala hakuchomwa dawa ya usingizi. Alisimama na mtu anayemjua, ngozi imelowa vizuri, chumvi ikapitisha umeme. Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika Indonesia ya leo, alikuja na mashine bora zaidi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270, na wagonjwa wake nao walitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Herufi P, Q, R, S na T zinazoandikwa juu ya mchoro hadi leo ni zake. P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo. Q, R na S ni wa vyumba vya chini, vyenye misuli minene. T ni vyumba hivyo vya chini vikijiandaa kwa pigo jingine.

Na ni umeme tu. ECG haisemi moyo unasukuma damu kwa nguvu gani. Upo moyo unaochora mistari mizuri huku damu haitembei, na mnyama anakufa mchoro ukiwa bado unapendeza. Anayekwambia mashine hii "inapima nguvu za moyo" hajaielewa, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Turudi Chato. Adui wa kwanza wa mchoro safi ni umeme wa ukutani. Umeme wa shirika la taifa, TANESCO, hujirudia mara 50 kwa sekunde, na mwili wa mnyama, meza ya chuma na waya za mashine hugeuka kuwa antena. Mstari unaotakiwa kuwa mwembamba unanenepa na kuwa na meno ya msumeno, na lile wimbi dogo la P linamezwa humo. Taa za mirija, chaja ya simu, friji ya chanjo, fundi wa kuchomelea jirani, vyote vinachangia. Mashine nyingi zina kichujio cha kuondoa mtetemo huo, na kinasaidia, ila vichujio vikiwekwa vingi hupunguza pia urefu wa wimbi la R, na daktari anaweza kuandika kwamba moyo umefifia kumbe mashine ndiyo iliyoukata.

Hapa ndipo zizi la kijijini linapoizidi kliniki ya mjini. Mbali na nguzo za umeme, kifaa kikiendeshwa kwa betri yake, mnyama amesimama kwenye udongo chini ya mti, mchoro unaweza kutoka safi kuliko wa hospitali yenye kiyoyozi. Tumezoea kuhesabu kukosa umeme kuwa upungufu wa kijiji. Kwa kazi hii moja, ni faida.

Adui wa pili ni misuli. Msuli wowote unaotetemeka hutoa umeme wake, na mashine haijui kutofautisha msuli wa paja na wa moyo. Mbwa akitetemeka kwa woga, mstari unaota nywele. Akihema ulimi nje, mstari unapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mbwa hulazwa ubavu wa kulia, si kwa sababu moyo unapenda upande huo, ila kwa sababu vipimo vya kawaida vya kulinganishia vimechukuliwa hivyo, na ukimlaza vinginevyo urefu wa mawimbi unabadilika. Miguu inyooshwe, isigusane. Chini yake paweko blanketi kavu au mpira, hasa meza ikiwa ya chuma. Mshikaji aweke mkono begani kwa utulivu na asishike vile vibanio vya waya. Mwenye mbwa abaki chumbani, azungumze naye kama anavyozungumza naye nyumbani. Nimeona watu wakimtoa mwenye mbwa nje "ili mnyama atulie". Mara nyingi mnyama hutulia pale mwenye mbwa anaporudi.

Vibanio vyenyewe ni vile vyenye meno, kama vya kuchajia betri ya gari ila vidogo. Meno yakiachwa makali, yanauma, mnyama anatetemeka, na tumerudi tulikotoka. Mafundi wenye huruma huyasawazisha kwa tupa na kulegeza springi. Hubanwa kwenye ngozi karibu na viwiko vya mbele na magoti ya nyuma, na ngozi hulowanishwa kwa jeli au spiriti. Spiriti hukauka upesi, kwa hiyo irudiwe. Pia inawaka: isitumike kabisa kama kuna uwezekano wa kumstua mnyama kwa umeme ili kuurudisha moyo. Manyoya hayana haja ya kunyolewa kila mara, yatenganishwe tu mpaka ngozi ionekane.

Paka ana mambo yake. Mawimbi yake ni madogo mno, R ya paka mzima haitarajiwi kuvuka milivolti 0.9 wakati ya mbwa mkubwa inafika hata 3, hivyo mashine ikuzwe mara mbili. Halafu paka akiridhika anakoroma ule mkoromo wa raha, na kifua chote kinatetemeka. Dawa yake ni kufungulia bomba la maji karibu naye. Paka ananyamaza, anasikiliza maji, unapata sekunde zako kumi.

Sasa niseme jambo linalowapata wengi na halisemwi, la rangi za waya. Mashine za mtindo wa Ulaya huweka nyekundu mguu wa mbele wa kulia, njano wa mbele wa kushoto, kijani wa nyuma kushoto, nyeusi wa nyuma kulia. Ni rahisi kukumbuka: nyekundu, njano, kijani, taa za barabarani. Mashine za Marekani huweka nyeupe mbele kulia, nyeusi mbele kushoto, nyekundu nyuma kushoto na kijani nyuma kulia. Nyekundu ya huku si nyekundu ya kule. Nchi zetu hupokea mashine za msaada kutoka pande zote mbili, mara nyingi bila kijitabu, na mtu aliyejifunza kwa moja akishika nyingine atachora moyo uliopinduka. Mgonjwa mzima ataonekana moyo wake umeelekea upande usio wake. Kabla ya kutibu ugonjwa wa ajabu, mtu asome herufi zilizochapwa kwenye kila waya.

Kosa jingine ni kuiachia mashine ya binadamu isome yenyewe. Zile sentensi zinazotoka juu ya karatasi zimeandikwa kwa ajili ya watu. Moyo wa paka unaopiga mara 200 kwa dakika ni mzima kabisa. Mashine itaandika kuwa unakimbia kupita kiasi. Mbwa aliyetulia moyo wake huenda haraka akivuta pumzi na polepole akitoa, kiasi kwamba nafasi za mapigo hazilingani, na hiyo ni dalili ya afya njema. Mashine itapiga kelele. Wimbi la T la mbwa linaweza kutazama juu au chini bila ya ubaya wowote. Farasi aliyepumzika, moyo ukipiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, huweza kuruka pigo zima mara kwa mara, na akitembezwa kidogo hali hiyo inaondoka. Kwa hiyo daktari ahesabu mwenyewe, na hahitaji kompyuta. Karatasi ikienda milimita 50 kwa sekunde, kalamu ya Bic yenye kifuniko chake, ambayo ni kama sentimita 15, hufunika sekunde tatu. Hesabu mapigo yaliyo chini ya kalamu, zidisha kwa 20. Karatasi ikienda milimita 25, zidisha kwa 10. Kalamu hiyo ipo kwenye kila duka la Chato.

Muda nao una neno lake. Mchoro wa sekunde kumi unaonyesha sekunde kumi. Katika ukanda wa migodi, ambako kila ghala na kila uzio hutaka mbwa wa kutisha, German Shepherd anapendwa. Katika baadhi ya koo za mbwa hao kuna ugonjwa wa kurithi, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambapo mbwa mchanga asiyeumwa kitu, anayekula na kuruka, moyo wake huvurugika mapigo, naye hufa ghafla, mara nyingi usingizini. Mlinzi akimkuta asubuhi amekauka, lawama humwangukia jirani kwamba amempa sumu. Mchoro mfupi wa mchana ungetoka safi. Kinachofaa hapo ni kifaa kinachovaliwa saa 24, na hicho si cha kutarajia kwenye begi la bwana mifugo wa kata.

Na dawa. Ng'ombe mkali au mbwa mkorofi huchomwa zailazini ili atulie. Atatulia kweli, lakini dawa hiyo hupunguza mapigo na huweza kukatisha umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini. Ukichora ECG baada ya hapo umechora zailazini. Ikiwa hakuna njia nyingine, jina la dawa na saa iliyochomwa viandikwe juu ya karatasi hiyohiyo, maana karatasi husomwa na mtu ambaye hakuwepo.

Wanyamapori hawana hiari ya kupimwa bila dawa. Mbele ya Chato, ndani ya Ziwa Victoria, kuna Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kati ya 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt likiongozwa na Bernhard Grzimek lilifungulia humo sokwe 17 waliokuwa wakiishi Ulaya katika mabustani ya wanyama na kwingineko. Wakajifunza msitu wenyewe, wakazaana. Ninawataja kwa sababu ugonjwa wa moyo ndio muuaji mkubwa wa sokwe wazima wanaofugwa katika mabustani ya nchi za nje, na madaktari wao hutumia ECG pamoja na ultrasaundi wakiwa wamewalaza usingizi. Moyo wa sokwe unachora karibu sawa na wetu, kwa hiyo hapo mashine ya hospitali haipotei njia. Katika ziwa hilihili, upande wa Uganda, Kisiwa cha Ngamba kimetunza sokwe yatima tangu 1998, na hao wanaweza kufikiwa na daktari. Wa Rubondo ni wa msituni sasa. Kuwabandika waya ni mpaka kuwapiga kwanza bunduki ya sindano za usingizi, na kwa kweli sioni sababu ya kumwangusha sokwe mzima kutoka mtini kwa ajili ya kutazama karatasi.

Tumrudie ng'ombe wetu juu ya mteremko. Yeye halazwi. Anapimwa amesimama, kichwa kimefungwa kwa kamba anayoijua, na waya haziendi miguuni. Kibanio cha mguu wa mbele wa kulia kinabanwa shingoni, kwenye mfereji wa ule mshipa mkubwa. Cha mbele kushoto kinabanwa kifuani, nyuma ya kiwiko cha kushoto, pale moyo unapogusika kwa kiganja. Cha tatu mbali, begani. Mashine inawekwa kwenye lidi ya I, yaani isome kati ya vibanio viwili vya kwanza. Kwa njia hiyo hata akihamisha mguu au kufukuza nzi kwa mkia, mchoro haupotei, na mawimbi yanatoka makubwa. Mbuzi, kondoo na punda nao hupimwa vivyo hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo mwenye ng'ombe anastahili kuambiwa. Kwa binadamu, sokwe, mbwa na paka, umeme husambaa kwenye vyumba vya chini kwa utaratibu, na urefu wa mawimbi hueleza kidogo ukubwa wa moyo. Kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na farasi, nyuzi zinazosafirisha umeme, zile zinazoitwa kwa jina la Purkinje aliyeziona katika moyo wa kondoo mwaka 1839, hupenya hadi upande wa nje wa ukuta wa moyo. Msuli mzima hushtuka karibu kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo ECG ya ng'ombe haikwambii moyo umekua au umekonda. Inakwambia mwendo: haraka, polepole, sawa au umevurugika. Na inakwambia jambo ambalo sikio haliwezi kulipata kwa uhakika, yaani chanzo cha mvurugiko. Ng'ombe mwenye tumbo baya huweza kupata mtetemo wa vyumba vya juu, P zote zikatoweka na mapigo yakaja ovyo, na tumbo likitibiwa moyo ukajirudia wenyewe. Daktari asiyelijua hilo atamhukumu kuwa mgonjwa wa moyo, na mfugaji atamuuza kwa bei ya nyama.

Ndama anayeharisha ndiye mnyama ambaye, kwa maoni yangu, anastahili kifaa hiki kuliko wote zizini. Maji yakimwishia, madini ya potasiamu hupanda katika damu. Ungetarajia moyo ukimbie. Badala yake unapungua mwendo. Kwenye mchoro P inazama mpaka inatoweka, T inasimama ndefu na nyembamba kama mwiba. Hapo daktari anajua kwamba maji ya mdomoni hayatoshi, aweke dripu sasa hivi. Ni kipimo cha dakika mbili, na ndama huyo bado anaweza kupona.

Ng'ombe aliyemeza waya, mchoro wake hutoka na mawimbi mafupi yaliyokimbizana, kwa kuwa usaha umeuzunguka moyo na kuzuia umeme kufika nje. Ni ushahidi wa kuunga mkono sikio, si zaidi, na ultrasaundi ingeonyesha vizuri kuliko ECG. Mshipa wa shingo ukishavimba na kidari kikishajaa maji, hakuna kifaa kitakachombadilishia hatima. Sumaku inayomezeshwa ng'ombe ikae tumboni, ishike vyuma kabla havijatembea, hufanya kazi akiwa bado mzima.

Kwa hiyo okota waya zilizozagaa kuzunguka zizi lako, na majivu ya tairi yafukie mbali na malisho. Ndama akiharisha siku ya kwanza, piga simu siku hiyohiyo. Na bwana mifugo akija na kifaa chake, mwachie yule mtu ambaye ng'ombe amemzoea ashike kamba, watoto wasogee mbali, simu ziende mfukoni, jenereta izimwe kabla hajafungua begi.